Samaki wanane wamekufa ndani ya siku kumi na moja, na mwanangu anadhani kosa ni lake

Bwana Samaki, shikamoo.

Naandika kutoka Chuno, Mtwara mjini. Nina watoto watatu, na barua hii inamhusu zaidi wa pili, mvulana wa miaka tisa.

Msimu wa korosho uliopita jirani yetu alipata uhamisho, akatuachia kwa bei nafuu tanki lake la kioo la kufugia samaki. Lina urefu wa sentimeta 60, upana 30 na kimo 35. Lilikuja na kokoto zake, taa na kipampu cha hewa chenye sponji. Kijana alifurahi kuliko siku ya sikukuu. Shemeji yangu alikuwa Dar, nikamtumia hela anunue samaki. Muuzaji akampa goldifishi saba na samaki mmoja mweusi wa kunata kwenye kioo, akasema huyo atakula uchafu wote, sisi tukae tu tutazame.

Walisafiri na basi, wakafika wote wazima. Mimi tanki nilikuwa nimeliosha asubuhi ile kwa sabuni ya unga, nikalisuuza vizuri, nikalijaza maji ya kisima chetu. Tukawamimina humo humo. Siku mbili za kwanza nyumba nzima ilikuwa sebuleni. Siku ya nne maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Nikayamwaga yote, nikaosha kokoto na ile sponji bombani, nikajaza mapya. Kesho yake wakaanza kuhema juu ya maji, mdomo wazi. Wa kwanza alikufa siku ya sita, wa mwisho siku ya kumi na moja.

Kijana ndiye alikuwa akiwalisha, asubuhi, mchana na jioni, na nadhani akiongeza na mabaki ya mkate. Kaka yake akamwambia, "Wewe ndiye uliyewavimbisha." Tangu hapo hataki kulisogelea tanki.

Sasa kila mtu ana lake. Rafiki zake wanamwambia bamvua ijayo waende Mikindani, maji yakipwa wakamate vile visamaki vya rangi vinavyobaki kwenye vidimbwi vya mwambani. Shemeji anasema tuweke vifaranga vya perege, wakikua tule. Rafiki yangu wa Dar anataka kuniletea neoni, au wale wa rangi kali wa Ziwa Nyasa. Mume wangu anasema tuuze tanki, yaishe.

Mimi sitaki kuliuza. Nataka kujua ni samaki gani wanaofaa kwa tanki dogo kama letu, huku kwetu, kwa maji yetu haya ambayo hata sabuni haitoi povu. Na nimwambie nini mtoto?

Mama wa Watatu, Mtwara

* * *

Marahaba, mwanangu. Nianze na mtoto, maana yeye ndiye aliyenifanya niijibu barua yako kabla ya zilizotangulia.

Mwite umwambie hivi, na umwambie mbele ya kaka yake: wale samaki wasingepona hata kama angewalisha kwa kipimo cha daktari. Chakula kilizidi, kweli, na mkate haufai kabisa, lakini hicho kilisukuma tu gari lililokwisha kuanza kuteremka. Samaki wanane wa aina ile, katika maji yale, siku ile ile ya kwanza, walikuwa na siku chache za kuishi. Aliyepaswa kusema hivyo ni muuzaji, na hakusema.

Kilichowaua ni taka za miili yao wenyewe. Samaki anapokula, taka yake hutoka mwilini kama amonia, na sehemu kubwa yake hupitia kwenye matamvua, yale mashavu anayopumulia. Ndani ya mto au bwawa amonia hiyo hupotea katika maji mengi. Ndani ya kioo inabaki pale pale, inaunguza mashavu, na samaki anaanza kuhema juu ya maji kama ulivyowaona wako. Tanki lililokomaa lina bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Bakteria hao huota polepole kwenye sponji, kwenye kokoto na kwenye kuta za kioo, na huchukua kama wiki nne hadi sita kuwa wa kutosha. Tanki lako halikuwa nao wa kutosha hata siku moja. Na wachache waliokuwa wameanza kujishikiza, uliwaosha na sponji siku ya nne. Ule weupe wa maji ni bakteria wa aina nyingine, waliofumuka kwa sababu ya chakula kingi, na ungepungua wenyewe kwa kubadilisha maji kidogo kidogo.

Sikulaumu. Nyumba safi ndivyo tulivyofundishwa na mama zetu, na karibu kila anayeanza kufuga huosha hivyo hivyo. Ila tangu leo sabuni isiguse kitu chochote cha tanki, wala ndoo yake. Nunua ndoo moja, iandike, iwe ya samaki tu.

Sasa tanki lenyewe. Sitini mara thelathini mara thelathini na tano ni lita 63. Toa nafasi ya kokoto, toa vidole viwili vitatu unavyoacha juu, unabaki na lita 50 hivi za maji. Goldifishi wa kawaida hukua kupita sentimeta 20 na anaweza kuishi miaka kumi na zaidi. Anakula sana, anachafua sana, na anapenda maji ya ubaridi kuliko yetu ya pwani. Mmoja tu angekuwa amebanwa humo, ninyi mlipewa saba. Na yule mweusi anayenata kwenye kioo, anayeitwa pleko, aina inayouzwa sana hufika sentimeta 30 na kupita. Anakwangua ukijani wa kwenye kioo, lakini uchafu wa wenzake hali, naye ana wake mwingi.

Ndiyo maana siku zote nasema usiende dukani kuchagua samaki kwa macho. Yaangalie kwanza maji yako, halafu utafute samaki anayeyataka. Wengi hufanya kinyume: wanapenda rangi, wananunua, kisha wanahangaika kuyabadilisha maji ya Mtwara yawe ya nchi nyingine.

Umesema maji yenu sabuni haitoi povu. Bila shaka na sufuria ya kuchemshia ina gaga jeupe ndani. Hayo ni maji magumu, yaliyobeba chokaa, na ni ya kawaida kwa visima vingi vya pwani. Wewe unayaona ni kero ya kufulia. Kuna samaki ambao hayo ndiyo mazuri kwao, na wa kwanza ninayekupendekezea ni gapi.

Gapi asili yake ni kaskazini ya Amerika ya Kusini, Venezuela na kisiwa cha Trinidad. Dume ana sentimeta tatu hivi, jike huweza kufika tano au sita. Anapenda maji magumu, anaishi vizuri katika joto la nyuzi 22 hadi 28, yaani sebule yako kama ilivyo karibu mwaka mzima, bila kununua hita. Si mgomvi, na yuko mbioni mchana kutwa, kwa hiyo mtoto ana cha kutazama. Rangi zote na mikia mipana wamepewa madume. Majike wana rangi ya kijivu yenye wekundu au bluu kidogo mkiani.

Hapo ndipo nataka unisikilize vizuri. Chukua madume tu. Jike wa gapi hazai mayai, huzaa watoto hai wanaoogelea saa ile ile, ishirini au thelathini kwa mara moja, na anarudia kila baada ya wiki nne hivi. Tena anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi, kwa hiyo hata ukimnunua jike mmoja peke yake, atazaa na kuzaa tena bila dume kuwapo. Nimewaona watu walioanza na sita, baada ya nusu mwaka hawajui wamwagie wapi mamia. Kumtambua dume ni rahisi: ni mdogo, ana rangi, na pezi lake la chini karibu na tumbo limechongoka kama kijiti, wakati la jike ni pana kama kipepeo. Mwambie shemeji asikubali "mchanganyiko". Ahesabu mwenyewe kwenye mfuko.

Anza na madume wanne. Wiki tatu baadaye, kama wote wazima, ongeza wanne. Wakifika wanane simama, hata kama tanki litaonekana lina nafasi. Nafasi unayoiona ndiyo inayowapa wao pumzi.

Ukitaka tofauti kidogo, badala ya gapi wanne wa pili unaweza kuweka plati watatu. Ni ndugu zao, wanene kidogo, wenye rangi ya chungwa au nyekundu, na maji yenu yatawafaa vile vile. Hao nao huzaa, kwa hiyo sharti ni lile lile.

Njia ya pili, kama nyumba inapenda samaki mmoja wa kuzoeana naye, ni beta dume, wa Asia ya Kusini Mashariki, Thailand na majirani zake. Ana mapezi kama kanga iliyotandazwa, anakujua ukikaribia na kuja mbele kuomba chakula. Ana kiungo maalumu cha kuvutia hewa kutoka juu ya maji, kwa hiyo umeme ukikatika yeye hasumbuki haraka. Lakini madume wawili hawakai pamoja, watapigana mpaka mmoja afe, na hata gapi wa mkia mrefu anaweza kumdhania mpinzani. Ama beta, ama gapi. Na usikubali wakuuzie bakuli la mviringo la kumwekea, eti beta anaishi kwenye kikombe. Anakaa kikombeni kwa sababu amewekwa, na anakufa humo polepole.

Neoni wa rafiki yako ni wazuri kweli, wale wenye mstari wa bluu unaong'aa. Lakini wanatoka mito ya Amazon yenye maji laini. Kuwaleta kwenye maji ya kisima chako ni kuwatesa. Wa Ziwa Nyasa wangependa ugumu wa maji yenu, ila wale wa rangi kali wakaao miambani hufika sentimeta kumi na zaidi, na kila dume anataka jiwe lake. Kwenye lita 50 watararuana mpaka abaki mmoja. Wanahitaji tanki la lita 200 na kuendelea.

Wale wa vidimbwi vya Mikindani nawapenda, na naelewa kwa nini watoto wanawatamani. Lakini mwanangu, usiwaruhusu wawalete nyumbani. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, na samaki wa bahari hutaka kipimo hicho kisiyumbe. Katika tanki dogo maji yanapungua kwa joto kila siku, chumvi haipungui, basi ndani ya wiki moja yamekuwa maji mengine. Halafu wengi wa wale visamaki ni watoto tu. Utadhani umepata kisamaki cha ukubwa wa kidole, kumbe ni chewa mchanga. Wapo pia wenye miiba ya sumu, na mkono wa mtoto haujui kuchagua. Na wakiwa upande wa Msimbati na Ruvula, huko ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Humo hakuchukuliwi kitu bila kibali. Mpeleke kijana bamvua ijayo, mkachutame kwenye kidimbwi nusu saa, mtazame nani anaishi chini ya jiwe gani. Maji yakijaa mrudi mikono mitupu.

Perege wa shemeji si samaki wa sebuleni. Anachimba, anapigana, anakua. Mwambie kama ana eneo achimbe bwawa, na pale Mikindani kuna kampasi ya FETA, chuo cha uvuvi, ambako anaweza kuuliza habari za ufugaji. Wazo lake ni zuri, amekosea chombo tu.

Basi, uanze hivi. Suuza tanki na kokoto kwa maji matupu mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha, kwa ajili ya ile sabuni. Liweke mahali pasipopigwa na jua, la sivyo kioo kitakuwa kijani, na juu ya meza imara, maana maji peke yake ni kilo 50 hivi. Jaza maji ya kisima. Siku mkitumia ya bomba, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini, ile dawa ya kuulia vijidudu, ipungue. Washa kipampu, usikizime usiku wala mchana. Kiweke juu kuliko usawa wa maji ya tanki, au umeme ukikatika maji yatarudi kwa mrija mpaka ndani ya pampu na kumwagika mezani.

Kisha ngoja, bila samaki. Kila siku mbili kijana atupe humo chembe za chakula cha samaki, kidogo kama chumvi ya kuonjea mboga. Kitaoza, amonia itatokea, na bakteria watapata cha kula. Wiki tano. Kama unamjua mtu Mtwara mwenye tanki la zamani lenye samaki wazima, muombe akamulie sponji yake ndani ya maji yako. Hilo litakupunguzia siku nyingi. Vipimo vya karatasi vya amonia na nitriti vinauzwa Dar, na shemeji akivipata avinunue kabla hajanunua samaki. Vyote viwili vikisoma sifuri, na huku chakula bado kinatupwa, maji yako tayari.

Majani ya majini yanasaidia sana, lakini yanunuliwe. Mtoto asitumwe kuyachuma bwawani, kwa sababu ya konokono na kichocho.

Siku ya safari muuzaji asiwalishe samaki tangu jana yake. Mfuko uwe na maji theluthi moja, hewa theluthi mbili, ndani ya boksi la kubebea barafu lakini bila barafu, na basi la usiku lingekuwa afadhali kuliko kuwakausha na jua la mchana njia nzima. Wakifika, uacheni mfuko uelee juu ya maji ya tanki dakika ishirini. Ufungueni, muongeze kikombe kimoja cha maji ya tanki kila dakika tano, kwa dakika arobaini hivi. Baada ya hapo wachoteni kwa wavu. Maji ya mfuko yasiingie tanki.

Kulisha ni mara moja au mbili kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika mbili, na siku moja ya juma wasile kabisa. Kama mnapata viluwiluwi vya mbu kwenye ndoo iliyosahaulika uani, wachoteeni. Gapi huwachangamkia kuliko chakula cha kopo, na huko nje mbu wanapungua. Msiwafuge tu hao mbu kwa makusudi.

Kila wiki toeni robo ya maji, ndoo moja hivi, mrudishe mapya. Wiki mbili za kwanza za samaki fanyeni hivyo kila baada ya siku mbili. Sponji isuuzwe ndani ya hayo maji yaliyotolewa, isipelekwe bombani. Umeme ukikatika muda mrefu, mtoto achote maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, mara kwa mara, hewa iingie. Mwezi wa Novemba na Desemba joto likizidi, elekezeni feni kwenye uso wa maji na muweke wavu badala ya mfuniko, kwa sababu gapi huruka.

Na wakizidi, au mkichoka, msiwamwage kijitoni wala dimbwini. Hili naliomba kwa moyo wote. Ukanda wetu wa pwani una visamaki vya jenasi ya Nothobranchius vinavyoishi kwenye madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka vinakufa vyote, mayai yanabaki ndani ya tope yakisubiri masika, kisha maisha yanaanza upya. Dume lake lina rangi za kushindana na gapi yeyote wa dukani. Wageni wakimwagwa huko, wale wenyeji ndio watakaokosa chakula na nafasi, na ni wachache sana kati yetu wanaojua hata kwamba wapo.

Kijana mpe daftari. Aandike tarehe ya kujaza maji, siku ya kutupa chembe, siku maji yalipokuwa meupe na siku yalipotakata. Samaki waje baada ya yeye mwenyewe kukuonyesha ukurasa wa wiki ya tano.

Bwana Samaki